Kufungia Neno: Maana na Matumizi ya Neno la Kiingereza "Censorship"

Mazungumzo kwa viongozi walei na waamini, Bweranyange



Ndugu wapendwa katika Kristo, wajumbe wa Halmashauri ya Walei, makatekista, na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo,

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "censorship". Huenda mtu akajiuliza ni kwa nini Tume ya Haki na Amani iwakusanye watu wazima, waliotoka kupalilia kahawa na migomba, ili kuwafundisha msamiati wa lugha ya kigeni. Jibu ni kwamba jambo linalotajwa na neno hili lipo kwetu pia, ila sisi tumezoea kulitaja kwa maneno mengi ya upole, na kwa hiyo mara nyingi hatulitambui. Gazeti husemwa kuwa "limesimamishwa". Mhariri husemwa kuwa "ameitwa kwa mahojiano". Mwanakijiji aliyeuliza habari za fedha za mradi wa maji husemwa kuwa "ameshauriwa avute subira". Kila moja husikika kama jambo dogo linalojitegemea. Mwenye kulijua jina la jambo lote huona kwamba hayo ni matawi ya mti mmoja.

1. Asili ya neno

Neno hili limetoka katika Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kukadiria au kupima thamani. Katika Roma ya kale, kuanzia karne ya 5 kabla ya Kristo, walikuwako maafisa wawili walioitwa "censores". Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwahesabu raia na kuandikisha mali zao. Kutokana na kazi hiyo tumepata neno ambalo ninyi nyote mnalijua, yaani sensa. Sensa tuliyohesabiwa tarehe 23 Agosti 2022, na ile iliyowapeleka Yusufu na Maria Bethlehemu, zina undugu wa jina na jambo tunalolizungumzia leo.

Lakini maafisa wale walikuwa na kazi ya pili, nayo ni kuchunguza mwenendo wa watu. Waliweza kulifuta jina la mtu katika orodha ya Baraza la Wazee kwa kuwa, kwa maoni yao, mwenendo wake haukuwa mwema. Hivyo ndivyo kalamu ile ile iliyoandika majina ilivyopewa uwezo wa kuyafuta. Karne nyingi baadaye, vitabu vilipoanza kupigwa chapa kwa wingi huko Ulaya, watawala wakaweka watu wa kusoma kila maandishi kabla hayajawafikia wananchi, na watu hao wakaitwa kwa jina lile lile la Kirumi.

2. Maana yake

Kwa Kiswahili wengine husema udhibiti wa habari, wengine ukaguzi wa maandishi, wengine kufungia au kupiga marufuku. Kila neno linachukua sehemu ya maana. Maana kamili ni hii: mwenye mamlaka, kwa nguvu ya cheo chake, anakata, anazuia au anaondoa maneno ya mtu mwingine ili watu wa tatu wasiyapate. Tuwaangalie hao watu wa tatu kwa makini. Tunapozungumzia gazeti lililofungiwa tunamfikiria mwandishi aliyepoteza kazi, na ni haki kumfikiria. Lakini mlengwa hasa ni msomaji. Anayenyang'anywa ni yule ambaye angesoma na sasa hatasoma, na mara nyingi hajui kwamba amenyang'anywa.

Jambo hili huja kwa njia nne. Ya kwanza ni ukaguzi wa kabla: andiko halitoki mpaka afisa alipitishe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia barua za askari zilifunguliwa na kusomwa kabla ya kufika nyumbani kwao. Ya pili ni adhabu ya baada: andiko limekwisha toka, kisha linakusanywa, au chombo kilicholitoa kinafungiwa. Ya tatu ni njia ya mzunguko: mwandishi hashtakiwi kwa alichokiandika, bali anatafutiwa kosa la kodi, la leseni au la karatasi fulani. Ya nne ni kujinyamazisha: hakuna aliyekuja, hakuna barua iliyoandikwa, lakini mtu mwenyewe amejikata ulimi kwa kuogopa.

Maandiko Matakatifu yanayafahamu mambo haya. Katika sura ya 36 ya Kitabu cha Yeremia, mfalme Yehoyakimu ameketi mbele ya moto wakati wa baridi, na kila anaposomewa safu tatu au nne za gombo la nabii, huzikata kwa kisu na kuzitupa motoni mpaka gombo lote linateketea. Kisha anaamuru nabii na mwandishi wake Baruku wakamatwe. Yeremia hakumshambulia mfalme. Alichukua gombo jingine, akamwambia Baruku aandike yote tena, na mengine mengi yakaongezwa.

3. Lisitumiwe ovyo

Neno hili linatumiwa vibaya pia, na heshima ya ukweli inatudai tulitumie kwa uangalifu. Mhariri akiikataa makala kwa sababu imeandikwa vibaya, hajafungia neno la mtu. Mwandishi anaweza kuipeleka kwingine. Mzazi akimkataza mtoto wa miaka minane kutazama picha za uchafu, anatimiza wajibu wa mzazi. Mahakama ikimwamuru mtu amlipe jirani aliyemsingizia wizi, baada ya kuwasikiliza wote wawili, huo ni ulinzi wa heshima ya binadamu.

Tena kuna maneno ambayo jamii inalazimika kuyazuia. Sisi tunaoishi jirani na Mto Kagera hatuhitaji kufundishwa hilo na mtu wa mbali. Ng'ambo ya pili, katika Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, na mwaka 1994 ikawahimiza watu kuwaua majirani zao na kutaja majina ya waliokuwa wakitafutwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku mbili tu, na Karagwe nayo iliwapokea wakimbizi. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari vya Rwanda, wawili kati yao wakiwa waanzilishi wa redio hiyo.

Basi tutatofautishaje kizuizi cha haki na kile cha dhuluma? Nawapa maswali manne. Je, anayezuia ni nani, naye ana hasara binafsi habari hiyo ikitoka? Je, anazuia kwa sheria iliyo wazi, inayojulikana kabla ya kosa? Je, ametaja sababu ambayo watu wanaweza kuipima? Na je, aliyezuiwa ana mahali pa kukata rufaa mbele ya mtu mwingine, si yule yule aliyemzuia? Redio ya chuki haiokoki kwa maswali hayo. Lakini maamuzi mengi ya wakubwa hayaokoki pia.

4. Yaliyotokea katika nchi yetu na kwa jirani

Mambo haya tuliyarithi kwa wakoloni, kisha tukayalea wenyewe. Uingereza iliacha kudai kibali kabla ya kuchapa kitabu mwaka 1695, lakini katika Tanganyika iliweka sheria ya kubana magazeti mwaka 1928. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara mwaka 1957, na mwaka 1958 alitozwa faini mahakamani kwa makala iliyowagusa maafisa wa kikoloni. Baada ya uhuru, Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa Waziri uwezo wa kulifungia gazeti akiona kwamba kufanya hivyo ni kwa manufaa ya umma. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 kandamizi zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Haikufutwa kwa miaka mingi. Mwezi Julai 2012 gazeti la MwanaHALISI lilifungiwa kwa muda usiojulikana, na mwezi Septemba 2013 Mwananchi lilifungiwa kwa siku 14 na Mtanzania kwa siku 90.

Mwaka 2016 ilitungwa Sheria ya Huduma za Habari, nayo ikachukua nafasi ya ile ya 1976, lakini uwezo wa kufungia ukabaki. Mwaka huo gazeti la Mseto lilifungiwa kwa miaka mitatu. Mwaka 2017 yalifungiwa Mawio, MwanaHALISI, Raia Mwema na Tanzania Daima kwa vipindi mbalimbali. Wenye Mseto walikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, na mwezi Juni 2018 mahakama hiyo ikaamua kwamba amri ile ilivunja Mkataba wa Jumuiya. Tarehe 28 Machi 2019 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya 2016 vinapingana na Mkataba. Mwezi Februari 2022 Serikali iliyafungulia Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Tuliishukuru Serikali kwa hatua hiyo, na tulifanya vema. Hata hivyo tukumbuke swali letu la nne: katika amri zile Serikali ilikuwa mlalamikaji na mwamuzi pamoja. Katiba yetu, ibara ya 18, inatamka kwamba kutoa maoni na kupata habari ni haki ya mtu. Haki hiyo haitolewi na waziri kama zawadi.

Nchini Kenya, Baraza la Taifa la Makanisa lilikuwa na jarida lake lililoitwa Beyond. Mwaka 1988 jarida hilo lilieleza udanganyifu uliofanyika katika uchaguzi wa mlolongo, ambapo wapiga kura walipangwa mistari nyuma ya wagombea. Jarida likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alihukumiwa kwenda jela, na kosa lililotajwa mahakamani lilikuwa kutowasilisha taarifa za mauzo ya jarida. Hiyo ndiyo njia ya mzunguko niliyoitaja.

Nchini Malawi, tarehe 8 Machi 1992, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, barua ya kichungaji ya maaskofu Wakatoliki ilisomwa makanisani. Ilitaja umaskini, rushwa, ubaguzi katika elimu, na hofu iliyowazuia watu kusema. Serikali ya Rais Kamuzu Banda ikaitangaza kuwa ni maandiko ya uchochezi, ikawa kosa hata kuwa nayo nyumbani. Maaskofu wakahojiwa na polisi, na mmoja wa viongozi wa Kanisa, Monsinyori John Roche, akafukuzwa nchini. Lakini waamini walikuwa wameisikia kwa masikio yao. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi wa Malawi walipiga kura ya maoni na kuukataa utawala wa chama kimoja.

Na sisi hapa tulipata la kwetu. Mwaka 2018, wakati wa Kwaresima, Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa ujumbe uliogusa hali ya siasa nchini. Mwezi Machi mwaka huo huo maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambalo lina ndugu zetu wengi sana hapa Karagwe, walitoa waraka wa Pasaka ulioitwa "Taifa Letu, Amani Yetu". Mwezi Juni ikaenea barua iliyotoka katika ofisi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ikilitaka Kanisa hilo liufute waraka huo katika muda wa siku kumi. Waziri alijitokeza akasema barua hiyo ni batili, na Msajili wa Jumuiya akasimamishwa kazi. Tumshukuru Mungu kwamba jambo liliishia hapo. Lakini tujiulize: kama barua ile isingejulikana na watu, je, ingetanguliwa?

5. Kanisa nalo lijichunguze

Ndugu zangu, hatuwezi kuwahubiria wengine juu ya jambo hili bila kujitazama wenyewe. Kanisa nalo lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Orodha ya kwanza ya Roma kwa ajili ya Kanisa zima ilitolewa mwaka 1559, na Papa Paulo wa Sita aliiondolea nguvu ya sheria mwaka 1966. Kwa muda wa miaka 400 walikuwamo ndani yake wasomi ambao leo tunakiri kwamba walisema kweli. Galileo alikuwa mmoja wao.

Hata leo, ukifungua kurasa za mwanzo za vitabu vingi vya sala, utaona maneno ya Kilatini "Nihil obstat" na "Imprimatur". La kwanza linasema hakuna kizuizi, na la pili linasema kitabu kichapwe. Msomaji anayetoa kauli ile ya kwanza anaitwa "censor" katika Kilatini cha Kanisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inadai kibali hiki kwa vitabu vya aina chache, kama vile Maandiko Matakatifu, vitabu vya ibada na katekisimu. Nia yake ni kumhakikishia mwamini kwamba kilichoitwa mafundisho ya Kanisa ni mafundisho ya Kanisa kweli, wala si kumzuia mtu asiulize. Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliihesabu haki ya kutafuta ukweli, kutoa maoni na kupata habari za kweli miongoni mwa haki za kila binadamu. Na sinodi ya maaskofu ya mwaka 1971 ilifundisha kwamba anayethubutu kuwaambia watu juu ya haki hana budi kuwa mwenye haki yeye kwanza machoni pao.

Kwa hiyo natamka wazi. Muumini anayeuliza matumizi ya mchango wa ujenzi wa kanisa, naye akaambiwa kwamba anamkosea heshima Padre, amefungiwa neno. Mama anayetaka kusema katika mkutano wa Jumuiya juu ya kipigo nyumbani, akanyamazishwa ili familia isiaibike, amefungiwa neno. Mweka hazina anayeondoa mstari mmoja katika taarifa kabla haijasomwa ameshika kisu cha mfalme Yehoyakimu.

6. Kimya tunachojiwekea wenyewe

Katika njia zile nne, hiyo ya mwisho ndiyo iliyoenea zaidi vijijini. Hapa Bweranyange palikuwa makao ya Abakama wa Karagwe wa ukoo wa Abahinda, na tumerithi adabu ya kusema kwa kipimo mbele ya wakubwa. Adabu hiyo ni njema. Lakini heshima kwa mkubwa ni jambo moja, na woga ni jambo jingine. Mwenye heshima huchagua namna ya kusema. Mwoga huchagua kutosema.

Sheria zetu zinataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Ni mara ngapi taarifa haisomwi na hakuna anayeuliza? Mkulima anajua kwamba mizani imepunguza uzito wa kahawa yake, na malipo yamechelewa. Njiani anazungumza kwa uchungu. Mbele ya kiongozi wa chama cha msingi anasema kila kitu ni shwari. Hapo hakuna waziri aliyetia saihi amri yoyote. Mtoto anayemtazama baba yake anajifunza kwamba ukweli ni wa njiani, na uongo ni wa mkutanoni. Nadhani hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 4, Petro na Yohane waliamriwa na Baraza wasiseme tena kwa jina la Yesu. Hawakutukana wala hawakukimbia. Walijibu kwa utulivu kwamba hawawezi kuacha kusema yale waliyoyaona na kuyasikia. Tuone mpaka wa jibu hilo: waliyoyaona na kuyasikia. Hawakudai haki ya kueneza uvumi. Nasi tukitaka tusifungiwe neno, tuhakikishe kwanza kwamba neno letu ni la kweli, lina tarehe, lina hesabu, na lina shahidi.

7. Tufanye nini

Kwanza, tuliite jambo kwa jina lake. Tukisikia kwamba maneno ya mtu yamezuiwa, tuyaulize yale maswali manne kabla ya kushangilia au kulaani. Pili, tuwe na kumbukumbu zilizoandikwa za mikutano yetu, zisomwe mbele ya wote, wala asiwepo wa kuzihariri peke yake. Tatu, fedha za Jumuiya, za kigango na za parokia zisomwe hadharani, ili tupate uso wa kuidai Serikali ya kijiji ifanye vivyo hivyo. Nne, asiachwe peke yake mtu aliyesema kweli. Watu wengi hawanyamazishwi na amri, bali na upweke unaowapata baada ya kusema.

Baruku alikuwa mwandishi tu. Kazi yake ilikuwa kushika kalamu, kusikiliza, na kuandika upya yale yaliyochomwa. Nawaomba kila Jumuiya iwe na Baruku wake.

Mungu awabariki nyote.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, ni jambo gani ambalo watu wa Jumuiya yetu hulizungumza njiani lakini hawalizungumzi mkutanoni? Kwa nini?

2. Toeni mfano mmoja wa kizuizi cha haki na mmoja wa kizuizi cha dhuluma, na mvipime kwa maswali manne yaliyotajwa.

3. Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji chetu ilisomwa lini kwa mara ya mwisho? Na ya kigango chetu?

4. Someni pamoja Yeremia, sura ya 36. Nani katika kijiji chetu anaifanya kazi ya Baruku, nasi tunamsaidiaje?